Koki ya Boya Kutoka Kaisho

Kanoni, Karagwe
9 Februari 2025

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na shangazi Katusiime na watoto wake. Mimi ni mzima wa kutosha na masomo yanaendelea. Wasalimie majirani wote, hasa baba Nizigiyimana. Mwambie ule wimbo wa Krismasi aliotufundisha nimewafundisha wenzangu wa kwaya, ila sehemu ya Kirundi tunaiharibu.

Mvua ya kwanza imeshanyesha huku. Maharage ya shule yameota vizuri, tumeyapalilia Jumamosi. Barua hii nampa Winston, dereva wa lori la ndizi. Amesema akishapakua Kayanga atarudi Kaisho moja kwa moja kama lori halitagoma. Simu nimeshindwa. Ya matroni ni ya dharura tu, na kila ninapoomba anipigie nasikia sauti ya mwanamke wa mtandao wa ng'ambo ya mpaka akisema kwamba hupatikani.

Babu, nina shida ya bomba, na fundi ninayemwamini ni wewe.

Unalikumbuka lile gari nililokuonyesha ulipokuja kuniandikisha, lenye nyumba mgongoni? Wale wageni wawili waliokuwa wakizunguka Afrika waliliachia shule baada ya injini kufa hapa mlimani. Sisi tunaliita Karavani. Lina vitanda viwili, kasinki kadogo, bafu na choo, vyote ndani. Ndiyo imekuwa sehemu ya kulaza wagonjwa, kwa sababu iko karibu na nyumba ya matroni Restuta na ina joto kuliko bweni.

Maji ya bomba yalipofika Novemba, fundi wa shule, Methodius, aliunganisha mpira kutoka kwenye bomba kubwa hadi kwenye Karavani. Tulipiga vigelegele. Lakini tangu tufungue shule linavuja. Linavuja chini ya sinki, nyuma ya choo, na mahali pengine ndani ya ukuta ambapo hatupaoni. Akiziba hapa, linatokea pale. Mbao za sakafu zimevimba. Ukikanyaga karibu na kitanda cha pili, mguu unazama kidogo kama kwenye mkate.

Mkuu wa Shule ametutangazia kwamba sakafu isipokuwa kavu kabla ya kufunga shule mwezi wa sita, Karavani litaondolewa. Kuna mtu wa vyuma chakavu ameshakuja kulitazama. Na likiondolewa hapatakuwa na mahali pa kulaza mtu, kwa hiyo wasichana wenye magonjwa ya mara kwa mara watahamia shule za kutwa karibu na kwao.

Babu, hali yangu unaijua. Shule ya karibu na kwetu ni mwendo wa kupanda na kushuka milima kila siku, alfajiri, kwenye baridi. Seli mundu yangu haitakubali hata mwezi mmoja. Nikitoka hapa nimeacha shule. Sikulalamikii, nakueleza tu ilivyo.

Je, unaweza kuja kutazama? Hata siku moja.

Mjukuu wako,
Kemilembe

---

Kaisho, Kyerwa
28 Februari 2025

Kemilembe mwanangu,

Mimi jirani yenu Nizigiyimana ndiye ninayeandika. Miwani ya mzee imevunjika kioo kimoja na hataki kusoma kwa jicho moja kama kuku. Yeye anasema, mimi naandika. Barua yako ilikaa kwa Winston muda mrefu, alikuwa anatafuta springi. Sasa maneno ni ya babu yako.

Marahaba, mjukuu wangu. Hatujambo. Shangazi yako anapalilia, watoto wake wanakula. Ng'ombe mwekundu amezaa dume, nilitaka jike. Kahawa imechanua vizuri, lakini mimi nimeshaona kahawa nyingi zilizochanua vizuri.

Habari ya maji, huku bado tunashuka bondeni na madumu. Wamekuja tena watu wa kupima, wamechomeka vijiti vyenye vitambaa vyekundu kutoka barabarani hadi kwa Yustasi. Mbuzi wa Yustasi wamevila vitambaa vyote. Pipa langu la bluu liko pale pale nyuma ya jiko, na ile koki yangu ya boya bado iko sandukuni ndani ya kitambaa. Unaikumbuka, ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiomba uichezee, ile yenye puto la plastiki. Maji yakijaa puto linapanda na koki inajifunga yenyewe. Niliinunua nikisema maji yakija nyumbani kwangu yatanikuta tayari. Mimi niko tayari, yenyewe hayajaja.

Sasa, gari lenu. Kuja siwezi. Kuna palizi, na magoti yangu hayapendi barabara ya Kaisho. Nimefunga mabomba ya watu tangu sijaoa, Kemilembe. Nimechoka nayo.

Mwambie huyo Methodius hivi. Afungue viungio vyote, azungushe tepu nyeupe upya, afuate upande ambao nati inafungwa, kisha akaze. Halafu ile koki kubwa ya nje msiifungue yote. Mfungue nusu, maji yaingie kidogo kidogo.

Kama yeye hana nafasi, fanya wewe, nilikufundisha. Ukikosa nguvu, kaa chini, bana bomba kati ya magoti, shika spana kwa mkono wa kushoto, kisha egemea kwa uzito wa mwili. Inafunguka.

Kunywa maji mengi. Vaa sweta.

Babu yako,
Alistides

(Mimi Nizigiyimana naongeza: hiyo sehemu ya Kirundi iacheni tu, Mungu anaielewa.)

---

Kanoni
16 Machi 2025

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru sana kwa barua. Nimefurahi kusikia habari za ndama, hata kama ni dume. Mwambie baba Nizigiyimana asante kwa mwandiko wake, ni mzuri kuliko wa mwalimu wetu wa Kemia. Mpe shangazi pole ya palizi. Mtihani wa majaribio nimefanya, Fizikia nimekuwa wa pili na Hisabati sitaki kukuambia.

Tulifanya kama ulivyosema. Methodius hakukataa, ni mtu mwema, ila anaimba wakati wote wa kazi na ni wimbo mmoja. Tulifungua, tukazungusha tepu, tukakaza. Siku hiyo hakukuvuja hata tone. Matroni alipiga magoti akapapasa sakafu akasema, "Mungu ambariki mzee wa Kaisho!"

Kesho yake kiungio cha plastiki chini ya sinki kilipasuka katikati. Methodius anasema tulikikaza mno. Akaweka kingine, hicho kikashika, lakini kile cha nyuma ya choo kikaanza. Halafu kichwa cha bafu kiliruka. Matroni alikuwa anamwogesha mgonjwa, akafungua maji, kikatoka kama jiwe la kombeo kikagonga dirisha. Alitoka nje amelowa kitambaa cha kichwa na kila kitu, anapiga kelele, "Haya si maji, haya ni maaskari!"

Koki ya nje tuliifungua nusu. Mtiririko ukawa mdogo kweli, lakini kuvuja hakukuacha. Hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa. Maji yanaingia kidogo, lakini yanapasua vilevile.

Nimeona jambo moja na nakuandikia kama lilivyo. Asubuhi wasichana wote wanapochota maji ya kuoga na jikoni wanapojaza masufuria, Karavani halivuji. Kunakuwa kimya kabisa. Wakishaingia darasani na koki zote zikafungwa, baada ya muda kidogo unasikia tone la kwanza chini ya sinki, kisha la nyuma ya choo, kisha ndani ya ukuta, kama watu wanaoitikiana. Saa za mapumziko wakitoka kunawa, linanyamaza. Wakirudi darasani linaanza tena. Alasiri wakati wa usafi linanyamaza kwa muda mrefu kuliko wakati wote. Jumapili wakati wa misa ndiyo mbaya zaidi.

Nilimwambia Methodius kwamba labda maji yana nguvu mno. Tangi liko juu kabisa mlimani na sisi tuko chini. Akaacha hata kuimba. "Nguvu mno? Kemilembe, mama yangu alikufa na alama ya kata ya dumu kichwani. Sisi tumelilia maji tangu tuzaliwe, leo yamekuja kwa nguvu, tulie kwamba yana nguvu?" Mpishi naye huwaita wageni jikoni wamtazame anavyojaza ndoo kabla hajamaliza kusema jina lake. Hakuna anayetaka kusikia kwamba yapunguzwe. Mkuu wa Shule aliniambia kwa upole kwamba hilo ni suala la ufundi na nisome.

Lakini sakafu inaoza, Babu. Tafadhali njoo. Winston amesema atakupakia mbele, pale pazuri, na atakwenda polepole kwa ajili ya magoti.

Mjukuu wako,
Kemilembe

---

Kaisho
14 Aprili 2025

Kemilembe,

Mwandishi ni Nizigiyimana. Barua yako imechelewa kwa sababu barabara ilikatika. Maji ya mvua yalichukua daraja la miti, na lori la Winston lilikaa upande wa pili na ndizi zikaivia ndani. Watoto wa kule wamezila zote na hakuna anayewalaumu.

Mzee ameniambia nisome barua yako. Nimesoma. Ameniambia nirudie ile sehemu ya matone. Nimerudia. Ameniambia tena. Sasa anasema:

Marahaba.

Habari ya bomba nitaijibu nikiwa na moyo. Kwanza unijibu wewe.

Wenzako wakiwa darasani, Karavani linaanza kuvuja. Wakitoka, linanyamaza. Wakirudi, linaanza. Asubuhi, mapumziko, alasiri, na Jumapili wakati wa misa. Haya nani ameyasikia? Mtu aliye darasani hasikii tone chini ya sinki. Mtu aliye kanisani hajui Karavani linafanya nini. Matroni hakai humo, umesema mwenyewe ana nyumba yake.

Mara ngapi umelala humo ndani, Kemilembe?

Uliandika wewe ni mzima wa kutosha. Wa kutosha nini?

Alistides

(Amekasirika kidogo. Hakula mchana. Mimi nakuombea. Nizigiyimana.)

---

Kanoni
27 Aprili 2025

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Poleni na daraja. Tumefanya sikukuu ya Pasaka hapa shuleni, tulikula wali na nyama, na kwaya iliimba bila ile sehemu ya Kirundi. Nimekaa na barua yako siku nyingi kabla ya kujibu, kwa sababu umeniuliza swali ambalo nilijua utaniuliza siku moja.

Tangu Februari nimelala humo mara nyingi kuliko nilivyolala bwenini. Barua ya kwanza niliiandikia humo. Ya pili pia. Maumivu yalianza na mvua, kwanza miguu, halafu mgongo. Nikipona narudi darasani, nakaa siku kadhaa, yananirudia. Wenzangu wananiletea madaftari na ninanakili nikiwa kitandani. Kitanda changu ni kile cha pili, karibu na pale sakafu inapozama. Nimekuwa nikilala pale nikisikiliza matone kwa sababu hakuna kingine cha kusikiliza. Nilianza kuyasubiri. Nilijua darasa limeanza kwa sababu ya tone, kabla hata ya kengele.

Sikukuambia kwa sababu nilijua utamtuma shangazi aje anichukue. Nikifika nyumbani utaniambia nipumzike kwanza, na mwaka utapita. Hapa ninaugua lakini ninasoma. Matroni ananipa dawa zangu, ananilazimisha kunywa maji, ananikanda miguu. Hospitali nimepelekwa mara moja tu na nilirudi vizuri. Usinichukue, Babu. Nakuomba.

Sasa na mimi nina swali.

Ulinifundisha kufungua nati nikiwa na miaka saba, nyuma ya jiko, na ulikuwa unanipiga kikofi kidogo nikikosea. Mkono mmoja unashika bomba, mwingine unazungusha. Ulisema fundi anayebana bomba kwa magoti ni mvivu au ni mlevi. Mwezi wa pili unaniandikia nibane kwa magoti, spana mkono wa kushoto, niegemee kwa uzito. Nilijaribu, Babu. Inafungua kweli. Mtu hawezi kuieleza vizuri hivyo bila kuifanya mara nyingi.

Na miwani yako ilivunjika Februari. Sasa ni mwisho wa Aprili. Kayanga kuna duka la miwani, na Winston huenda kila wiki.

Wewe hujaniandikia hata neno moja kwa mkono wako. Nini kimeupata mkono wa kulia?

Kuhusu bomba, mwalimu wa Fizikia alitufundisha kwamba msukumo wa maji unatokana na kimo chake, si wingi wake. Basi nikaelewa kwa nini koki ya nusu haisaidii. Maji yakisimama, msukumo wote wa mlima unafika pale pale hata kama tundu ni la sindano. Inabidi maji yamwagwe kwanza kwenye kitu kilicho wazi, yasahau mlima, ndipo yashuke tena kwa kimo kidogo. Kama pipa juu ya jukwaa. Ila pipa lililo wazi litajaa na kumwagika mchana kutwa, na Mkuu wa Shule hatakubali kubadilisha matope ya ndani kwa matope ya nje. Nimekwama hapo. Mtu wa vyuma chakavu amekuja tena, amepima magurudumu kwa kamba.

Mjukuu wako,
Kemilembe

---

Kaisho
11 Mei 2025

Kemilembe mjukuu wangu,

Marahaba. Mwandishi ni yule yule. Leo nimemwambia aandike kila kitu na asiongeze chake.

Wiki ile uliyoondoka kwenda shule, nilikwenda kwenye migomba kukata majani makavu. Panga likaanguka. Niliinama kuliokota, mkono haukunisikia. Nikaanguka na mimi. Shangazi yako alinikuta nimelala kwenye majani, mdomo umekwenda upande. Walinipeleka hospitali wakasema ni kiharusi, kidogo. Mdomo umerudi. Mguu umerudi nusu. Mkono wa kulia bado uko pale tu, naubeba.

Niliwakataza wote wasikuambie. Nilijua ungeacha shule uje kunikorogea uji. Miwani haijavunjika. Nizigiyimana aliona aibu kuandika uongo ule, na mimi nikamwambia uongo ni wangu, yeye ni kalamu tu.

Kwa hiyo tumedanganyana, wewe na mimi. Sina nguvu ya kukugombeza na wewe huna ruhusa ya kunigombeza. Sitakuchukua. Lakini kila unapolala humo nataka nijue, hata kwa mstari mmoja.

Sasa bomba. Uliyoandika juu ya kimo ni sahihi, na mimi nilikosea kuhusu ile koki ya nusu. Mabomba niliyoyafunga mimi yalikuwa ya chuma, na maji yake yalitoka kwenye tangi la mnara mfupi. Sikuwahi kufanya kazi na mlima. Hayo mabomba ya gari ni membamba, yametengenezwa kwa pampu ndogo, si kwa maji yenu. Mngeendelea kukaza mpaka mkunje gari lote.

Hukukwama. Kinachofanya pipa lisimwagike ni koki ya boya.

Kesho Winston atapita na pipa langu la bluu. Litafungwa juu ya ndizi. Koki imo ndani ya pipa, kwenye kitambaa chake. Shangazi yako alisema, "Baba, na maji yakija hapa?" Nikamwambia vile vitambaa vyekundu vimeliwa na mbuzi. Pipa haliendi kwa watu likiwa tupu, kwa hiyo amejaza parachichi. Mpe matroni, mpe na Methodius.

Jengeni jukwaa la mikaratusi, miguu minne, muunganishe miguu kwa miti ya kukingama, maana pipa lililojaa ni zito kuliko ng'ombe. Kitako cha pipa kipite paa la gari kidogo tu. Msipande juu zaidi, mtatengeneza mlima mwingine. Maji ya mlima yaingie juu kupitia koki ya boya. Ya gari yatoke chini. Pipa liwe na kifuniko, na tundu dogo juu la kupumulia.

Viungio vilivyopasuka badilisheni. Mkaze kwa vidole, kisha robo mzunguko kwa spana, basi. Mwambie Methodius aimbe akitaka.

Nimechoka kuongea. Kunywa maji.

Alistides

(Nimekatazwa kuongeza. Nizigiyimana.)

---

Kanoni
1 Juni 2025

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole, Babu. Niliposoma barua yako nilienda nyuma ya kanisa nikakaa hadi nilipoweza kurudi. Nampa pole shangazi pia, na namshukuru baba Nizigiyimana kwa kuwa kalamu.

Lori liliingia uwanjani wakati wa mapumziko. Juu ya ndizi kulikuwa na pipa la bluu, na Winston anapiga honi kama analeta bibi harusi. Wasichana walikimbilia. Matroni alipochungulia ndani na kuona parachichi, alisema, "Huyu mzee namtaka." Mpishi akamjibu, "Utasubiri foleni."

Methodius aliishika koki ya boya akaigeuza-geuza. Alisema hajaona nzito hivyo, za siku hizi zote ni plastiki tupu. Lakini alikuwa bado na shaka. "Kwa hiyo tunayapunguza maji." Nikamwambia hatuyapunguzi, yale ya jikoni yanabaki na nguvu zake zote na ndoo ya mpishi itajaa vilevile. Haya ya wagonjwa tunayapumzisha tu njiani. Alifikiri, akasema, "Ya wagonjwa yapumzike, hiyo ni haki." Akaenda kukata miti.

Jukwaa alilijenga yeye na viungio nilibadilisha mimi. Vile vya chini ya sinki nililala chali, na kile kigumu cha nyuma ya choo nilikibana kwa magoti, spana mkono wa kushoto. Sikuwa mvivu wala mlevi. Robo mzunguko, basi.

Tulipofungua, maji ya bafu yalitoka taratibu kabisa. Mpishi alikuja kutazama akacheka mpaka akashika ukuta. "Haya ndiyo maji? Haya ni maji ya babu!" Jina limebaki. Sasa wagonjwa wote wanaoga maji ya babu.

Siku za kwanza sikuamini. Nilikuwa naondoka darasani wakati wa mapumziko nakwenda kupapasa chini ya sinki. Kavu. Nyuma ya choo, kavu. Methodius aling'oa mbao zilizooza, tukaacha milango wazi jua liingie. Wiki iliyopita niliugua tena, Babu, nakuambia kama ulivyotaka. Ilikuwa miguu, siku mbili. Nililala kitanda kile kile. Darasa lilianza na sikujua, kwa sababu hapakuwa na tone. Ilibidi nisubiri kengele kama watu wengine. Halafu nililala usingizi.

Jana Mkuu wa Shule alikuja kukagua. Alivua kiatu kimoja akasimama kwa mguu mtupu pale palipokuwa panazama, pale penye mbao mpya. Akabaki hapo kidogo akitazama ukutani. Kisha akavaa kiatu akamwambia Methodius, "Mtu wa vyuma akija, mwambie gari lina wagonjwa." Alipotoka alinigusa bega.

Basi nabaki. Barua hii naiandikia darasani, kwenye dawati langu, karibu na dirisha.

Tunafunga shule Ijumaa. Winston amesema nitakaa mbele. Nikifika nitakukanda mkono kila jioni, matroni amenionyesha jinsi ya kufanya, na huna ruhusa ya kukataa. Pipa lako sitalirudisha, samahani. Ila kitambaa cha koki nimekifua na ninakuja nacho.

Mjukuu wako,
Kemilembe

---

Kaisho 4 Juni

Kemilembe

Naandika mwenyewe. Kushoto. Nimeanza asubuhi. Nizigiyimana amekaa pembeni nimemkataza kusaidia.

Kitambaa kilete. Vijiti vipya vimechomekwa, safari hii havina vitambaa. Maji yakifika hapa sitaki koki nyingine kwanza. Nataka fundi. Utakuja kufunga wewe.

Babu